Kisukari cha Mtoto: Pima, Andika, Ndipo Uchome Sindano



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumza na wazazi na walezi ambao kila siku hushika bomba la sindano kwa ajili ya mtoto mwenye kisukari. Tunazungumza pia na walimu, majirani na wanajumuiya wanaoishi karibu na mtoto wa namna hiyo. Tuanze na mifano miwili.

Mfano wa kwanza. Mama anaamka alfajiri na kumchoma binti yake wa miaka 9 sindano ya insulini, kiasi kile kile alichoandikiwa na daktari. Anamwekea uji mezani, kisha anawahi sokoni. Binti ana homa kidogo, uji haumpendezi, anawamwagia kuku na kurudi kitandani. Saa 4 asubuhi bibi yake anamkuta amelowa jasho, meno yameumana, akiitwa haitiki.

Mfano wa pili. Baba ana kijana wa miaka 12 mwenye kisukari. Kijana anaugua malaria, anatapika, hataki chakula chochote. Baba anakumbuka kwamba hospitali walimwonya asichome insulini bila chakula. Basi anaacha sindano kwa siku mbili, akisubiri kijana apate hamu ya kula. Jioni ya siku ya pili kijana anahema kwa nguvu kama mtu aliyekimbia mbio, na pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Kabla gari halijapatikana amekwisha poteza fahamu.

Wazazi hawa wote wawili wanawapenda watoto wao, na kila mmoja alidhani anafanya lililo sawa. Mmoja alichoma bila kuhakikisha chakula kimeliwa. Mwingine aliacha kuchoma kwa sababu chakula hakikuliwa. Makosa yao yanapingana, lakini chanzo chake ni kimoja: kila mmoja alikisia. Hakuna aliyepima sukari kabla ya kuamua.

Hilo ndilo tunalotaka kila familia ya parokia ilishike. Insulini ni dawa inayookoa maisha, lakini haichomwi kwa mazoea wala haiachwi kwa hofu. Inaongozwa na kipimo cha damu, na kipimo hicho huandikwa.

KISUKARI HIKI NI KIPI?

Wengi wetu tunakijua kisukari cha watu wazima, ambacho mara nyingi huanza kutibiwa kwa mpangilio wa chakula na vidonge. Kisukari cha watoto kwa kawaida ni cha aina ya kwanza, nacho ni tofauti.

Nyuma ya tumbo la chakula kuna kiungo kiitwacho kongosho. Humo hutengenezwa insulini, ambayo kazi yake ni kama ufunguo: huifungulia sukari iliyomo katika damu mlango wa kuingia ndani ya chembe za mwili ili itumike kama nguvu. Kwa mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili wake yenyewe imeziharibu chembe zinazotengeneza insulini. Hakuna ufunguo tena. Sukari inajaa katika damu na kutoka na mkojo, huku mwili ukiwa na njaa.

Dalili zake ni kiu isiyokwisha, kukojoa mara kwa mara, kukonda ingawa mtoto anakula, na uchovu. Mtoto aliyekwisha acha kukojoa kitandani anaanza tena. Nyumba nyingine huona sisimizi wakijikusanya mahali alipokojoa. Ukiziona dalili hizi usingoje wiki ipite. Mpeleke siku hiyo hiyo akapimwe sukari ya damu. Kipimo cha 11.1 au zaidi kwa mtoto mwenye dalili hizo, hata kama amekula, kinatosha kuonyesha kwamba ana kisukari.

Ugonjwa huu hauambukizi. Haukuletwa na pipi alizokula mtoto, wala si uchawi, wala si adhabu ya dhambi ya wazazi. Vidonge peke yake haviutibu, kwa sababu kinachokosekana ni insulini yenyewe.

Zamani mtoto wa namna hii alikuwa hana tumaini. Mwezi Januari 1922, katika mji wa Toronto nchini Canada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alikuwa mgonjwa wa kwanza kuchomwa insulini iliyoandaliwa na Frederick Banting, Charles Best na wenzao. Dawa ya kwanza haikumsaidia sana, lakini baada ya siku chache alipewa iliyosafishwa vizuri zaidi, na sukari yake ikashuka. Aliishi miaka 13 zaidi. Wavumbuzi hao waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki ya uvumbuzi wao kwa dola 1 kila mmoja, ili dawa isiwe mali ya mtu binafsi. Siku ya Kisukari Duniani huadhimishwa kila tarehe 14 Novemba kwa sababu ndiyo siku aliyozaliwa Banting.

JINSI YA KUPIMA

Mashine ndogo ya kupimia sukari hutumia tone moja la damu na kibanzi kidogo ambacho wengi huita stripu. Fuata hatua hizi:

Mtoto anawe mikono kwa sabuni na maji, kisha aikaushe vizuri. Hili si jambo la unadhifu tu. Kidole chenye utomvu wa embe au chembe za sukari kitaonyesha namba kubwa ya uongo, na ukichoma insulini kwa kufuata namba hiyo unaweza kumwangusha mtoto.

Toboa pembeni mwa ncha ya kidole, si katikati, kwa sababu pembeni huuma kidogo. Badilisha vidole. Kila mtu awe na kitobolea chake na sindano yake. Usiazime wala usiazimishe, maana virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini hupita katika damu.

Angalia tarehe ya mwisho ya stripu, na ufunge kifuniko cha kopo mara tu utoapo moja. Unyevu huziharibu.

Namba zina maana gani? Mashine nyingi za kwetu hupima kwa milimoli kwa lita. Kwa watoto wengi madaktari hutaka kipimo cha kabla ya kula kiwe kati ya 4 na 8. Chini ya 4 ni sukari iliyoshuka, nayo inahitaji hatua papo hapo. Ikikaa juu ya 10 mara nyingi, mpango wa dawa au chakula uangaliwe upya. Daktari wako anaweza kupanga viwango tofauti kidogo kwa mtoto wako, fuata vyake. Na kama mashine yako inaonyesha namba kama 90 au 140, usishtuke: hiyo hutumia kipimo kingine. Gawanya namba hiyo kwa 18, utapata milimoli.

Wakati mzuri wa kupima ni kabla ya kila sindano na kabla ya kulala. Tunajua stripu ni ghali. Kama hazitoshi, muulize muuguzi akupangie jinsi ya kuzigawa. Njia mojawapo ni kubadilisha saa za kupima: leo asubuhi, kesho kabla ya chakula cha mchana, keshokutwa kabla ya chakula cha jioni, ili baada ya juma moja uwe umeiona siku nzima. Lakini siku zote bakiza stripu chache kwa ajili ya siku ya homa na siku mtoto anapoonekana si wa kawaida. Kupima mkojo husaidia kuonyesha sukari iliyopanda sana, ila hakuwezi kukuonyesha sukari iliyoshuka.

DAFTARI LA SUKARI

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka anaujua ukweli wa methali hii, na mzazi wa mtoto mwenye kisukari anapaswa kuujua zaidi. Nunua daftari la kawaida la shule. Chora safu za tarehe, saa, kipimo, insulini iliyochomwa, na maelezo. Katika maelezo andika lolote lisilo la kawaida: homa, mchezo wa mpira, sherehe ya ubatizo, chakula kilichochelewa.

Tuone faida yake. Watoto wengi huchomwa mara mbili kwa siku mchanganyiko wa insulini mbili. Moja ni angavu kama maji, nayo huanza kazi baada ya nusu saa hivi na kuisha baada ya saa chache. Nyingine ni nyeupe kama maziwa, nayo huanza polepole na kufanya kazi kwa nusu siku au zaidi. Kwa mtoto wa namna hiyo, kila kipimo kinatoa ushahidi juu ya sindano fulani:

Kipimo cha asubuhi kinasema juu ya insulini nyeupe ya jana jioni.

Kipimo cha kabla ya chakula cha mchana kinasema juu ya insulini angavu ya asubuhi.

Kipimo cha kabla ya chakula cha jioni kinasema juu ya insulini nyeupe ya asubuhi.

Kipimo cha kabla ya kulala kinasema juu ya insulini angavu ya jioni.

Sasa tuseme daftari linaonyesha hivi: Jumatatu asubuhi 6.8, jioni 12.4. Jumanne asubuhi 7.5, jioni 13.1. Jumatano asubuhi 7.0, jioni 12.8. Siku tatu zinasema neno moja: asubuhi ni nzuri, jioni iko juu. Je, insulini nyeupe ya asubuhi ni ndogo? Yawezekana. Lakini kabla ya kulaumu dawa, muulize mtoto kwa upole. Huenda akitoka shule hupita dukani na kunywa soda. Huenda wenzake humgawia mandazi. Ukijua hilo, dawa inaweza kubaki vile vile na soda ikaondoka.

Kipimo kimoja kibaya si sababu ya kubadilisha dawa. Tafuta mwelekeo wa siku tatu au zaidi, halafu peleka daftari kliniki. Huko hubadilisha kidogo kidogo. Kwa mtoto mdogo hata uniti moja ni mabadiliko makubwa. Na kama sukari ya asubuhi ndiyo iliyo juu, usikimbilie kuongeza sindano ya jioni. Mpime kwanza saa 8 au saa 9 usiku. Kama wakati huo sukari iko chini, kuongeza dawa kungekuwa hatari.

Hospitali zenye uwezo hupima pia damu kwa namna inayoonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3 iliyopita. Kipimo hicho ni kizuri kikipatikana kila baada ya miezi 3, lakini hakichukui nafasi ya daftari.

SINDANO YENYEWE

Kiasi cha insulini hupangwa na daktari kwa kuangalia uzito wa mtoto, chakula chake na vipimo vyake. Mtoto akikua, mahitaji yake huongezeka, hasa anapobalehe. Ndiyo maana dozi ya mwaka jana haiwezi kuwa ya mwaka huu, na dozi ya mtoto wa jirani si ya mtoto wako.

Soma chupa kila mara, kisha soma bomba. Insulini nyingi zinazouzwa leo zina uniti 100 katika kila mililita, na bomba lake linapaswa kuandikwa namba hiyo hiyo, 100. Yapo mabomba mengine ya uniti 40. Ukivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40 hadi mstari wa 10, hukuvuta uniti 10, umevuta 25. Mtoto anaweza kufa kwa kosa hilo moja. Kama duka la dawa limekupa bomba lisilolingana na chupa, lirudishe.

Insulini nyeupe iviringishwe polepole kati ya viganja mara kama 20 mpaka ichanganyike; usiitikise kwa nguvu. Kama umefundishwa kuchanganya mbili katika bomba moja, vuta angavu kwanza, nyeupe baadaye. Watoto wengine siku hizi wamepewa insulini za aina mpya ambazo ni angavu zote, na nyingine hazichanganywi kabisa. Hao wafuate jina lililo kwenye lebo, si rangi.

Choma tumboni, pajani au kwenye tako, na ubadilishe mahali. Ukichoma pale pale kila siku panafanya uvimbe mgumu, na insulini haiingii vizuri. Sindano zilizotumika ziwekwe katika kopo gumu la plastiki lenye kifuniko, kisha zipelekwe zahanati. Usizitupe jalalani watoto wanapocheza.

Na kuhusu chakula: uji uwe tayari ndipo sindano ichomwe. Insulini angavu ya kawaida na ile ya mchanganyiko huchomwa nusu saa hivi kabla ya kula, lakini nusu saa hiyo ihesabiwe wakati chakula kimekwisha iva. Mzazi au mkubwa mwingine akae mpaka aone kwa macho yake mtoto amekula. Kama sindano imesahauliwa, usichome mbili kwa pamoja ili kufidia, uliza kliniki.

Huko Ulaya na Marekani watu wengi hufuga paka ndani ya nyumba, na paka nao hupata kisukari. Mwenye paka hufundishwa na daktari wa mifugo kutoboa kidogo ukingo wa sikio la paka, kupima tone la damu na kuandika namba. Hufundishwa pia kuangalia kama paka amekula kabla ya kumchoma, na kulinganisha bomba na chupa, kwa kuwa baadhi ya insulini za wanyama ni za uniti 40. Ikiwa paka hachomwi kwa kukisia, je, si zaidi sana mtoto wetu?

SUKARI IKISHUKA

Sukari hushuka mtoto asipokula vya kutosha baada ya sindano, akichezea mpira au kubeba maji na kulima kuliko kawaida, au akichomwa dawa nyingi kupita kiasi. Dalili ni kutetemeka, jasho la ghafla, njaa kali, moyo kwenda mbio, hasira bila sababu, na kuongea ovyo. Mwalimu anaweza kudhani mtoto ni mtundu au anasinzia darasani, kumbe anaelekea kuzimia.

Kama mtoto ana fahamu, mpe mara moja vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari. Baada ya dakika 15 mpime tena. Kama bado iko chini ya 4, rudia. Ikipanda, mpe chakula cha kawaida kama ndizi, viazi au mkate. Kama hakuna mashine karibu na dalili zipo, mpe sukari, usingoje. Kama saa ya sindano imefika na kipimo ni chini ya 4, ponya kwanza sukari iliyoshuka, kisha fuata maelekezo ya kliniki juu ya sindano hiyo.

Kama mtoto amezimia au anadegedega, usimnyweshe chochote, kwa maana kitaingia mapafuni. Mlaze kwa ubavu. Paka asali kidogo, au sukari iliyoloweshwa kwa matone machache ya maji, ndani ya shavu lake, na umkimbize hospitali. Na usimchome insulini. Bibi wa mfano wetu wa kwanza akilijua hili, anaweza kumwokoa mjukuu wake kabla mama hajarudi kutoka sokoni.

MTOTO AKIUGUA

Sasa tumrudie baba wa mfano wa pili. Homa, malaria, hata jipu, hupandisha sukari ingawa mtoto hali. Mwili unaopigana na ugonjwa huhitaji insulini. Ukiinyima, mwili huanza kuyeyusha mafuta yake na kutoa sumu inayoitwa ketoni. Ndizo zinazoleta kutapika, maumivu ya tumbo, kuhema kwa nguvu na ile harufu ya matunda. Wakati mwingine watu hudhani ni malaria imepanda kichwani, na saa za thamani hupotea.

Kwa hiyo kanuni ni hii: siku ya ugonjwa usiache insulini kabisa. Kiasi kinaweza kupunguzwa au kuongezwa, lakini hilo linaamuliwa na kipimo pamoja na ushauri wa kliniki. Pima kila baada ya saa 2 hadi 4. Mpe maji mara kwa mara. Kama sukari inaelekea kushuka na hataki chakula, mpe uji mwepesi wenye sukari au soda, kwa mafunda madogo. Mpeleke hospitali bila kuchelewa kama anatapika mfululizo, kama sukari inakaa juu ya 15, kama mkojo una ketoni, au kama anahema kwa shida. Ukifika, neno la kwanza mlangoni liwe: "Mtoto huyu ana kisukari, anatumia insulini."

KUHIFADHI DAWA

Chupa ambazo hazijafunguliwa zikae katika jokofu, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya barafu. Insulini iliyoganda imekwisha haribika hata ikiyeyuka. Chupa inayotumika inaweza kukaa nje, kivulini, kwa muda wa majuma 4 hivi.

Asiye na jokofu atumie vyungu viwili. Weka kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati, mwagia mchanga maji asubuhi na jioni, funika kwa kitambaa kilicholowa, na uweke penye kivuli na upepo. Chupa ya dawa ifungwe kwanza ndani ya mfuko wa plastiki. Mwaka 2021 watafiti wa Médecins Sans Frontières na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha uchunguzi uliofuata hali ya joto ya kambi ya Dadaab nchini Kenya. Waliona kwamba insulini iliyokaa majuma 4 katika joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu sawa na ile ya jokofuni. Basi, kukosa jokofu si sababu ya kukata tamaa. Lakini jua kali na dirisha la gari haviruhusiwi. Dawa angavu iliyopata ukungu, au nyeupe yenye mabonge, itupwe.

MTEGO WA NAFUU

Majuma au miezi michache baada ya kuanza insulini, watoto wengi hupata nafuu ya ajabu. Sukari inakaa vizuri na dozi hupungua sana. Madaktari hukiita kipindi hiki fungate. Kongosho linakuwa limepumzika na linatoa insulini kidogo iliyobaki. Kama siku hizo mtoto alikunywa dawa ya miti shamba au aliombewa, watu husema amepona, na insulini inatupwa. Lakini fungate huisha, na mtoto aliyeachishwa sindano huanguka.

Tuwaombee wagonjwa bila kuchoka. Hiyo ni kazi yetu Wakristo. Lakini Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kumheshimu mganga na kutozidharau dawa, kwa kuwa zimetoka kwa Mungu. Anayemwombea mtoto huku akimnyang'anya dawa yake hajalisoma fundisho hilo.

KANISANI, SHULENI NA JUMUIYANI

Wazazi wengine huuliza juu ya Komunyo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 919, inatudai tufunge saa moja kabla ya Komunyo Takatifu, lakini maji na dawa havivunji mfungo huo. Zaidi ya hayo, kanuni hiyo hiyo inawaruhusu wazee, wagonjwa na wanaowahudumia kukomunika hata kama wamekula kitu ndani ya saa hiyo. Basi mtoto akianza kutetemeka katikati ya Misa, mpe sukari yake pale pale kwenye benchi, na akishatulia aende kukomunika bila wasiwasi.

Kuhusu Kwaresima, kanuni ya 1252 inawafunga kufunga kula walio na umri wa miaka 18 hadi kuanza mwaka wa 60. Mtoto hahusiki. Hata mtu mzima anayetumia insulini asifunge kwa kujiumiza, mgonjwa ameachiliwa. Amwone paroko, achague toba nyingine.

Mzazi, mwambie mwalimu mkuu na mwalimu wa katekisimu. Wape sukari kidogo katika karatasi waiweke mezani, na uwaandikie nini cha kufanya. Mtoto aruhusiwe kula saa yake ikifika, kunywa maji na kwenda chooni bila kuadhibiwa. Asizuiwe kucheza, ale kitu kidogo kabla ya mchezo. Na Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zinaweza kufanya mengi: jirani mwenye jokofu akatunza chupa, kijana mmoja akajifunza kupima, wanajumuiya wakachangia kopo moja la stripu. Haba na haba hujaza kibaba. Uliza pia hospitali ya mkoa kama ina kliniki ya watoto wenye kisukari, maana ipo mipango inayowasaidia watoto kupata insulini.

KUMBUKA

1. Pima kabla ya kuchoma, na uandike.
2. Chakula kiwe tayari kabla ya sindano, na umwone mtoto akila.
3. Namba ya chupa na namba ya bomba zilingane.
4. Chini ya 4: sukari kwanza.
5. Mtoto akiugua, usiache insulini. Pima zaidi na utafute ushauri.
6. Nafuu si kupona.

Mpendwa mzazi, kazi yako ni nzito, na haina Jumapili wala sikukuu. Siku nyingine namba zitakuwa mbaya ingawa umefanya yote sawasawa. Usijilaumu, wala usimgombeze mtoto kwa sababu ya namba. Ukimgombeza atajifunza kuificha, na daftari la uongo ni baya kuliko kukosa daftari. Iandike namba kama ilivyo, mshike mkono, na kesho mpime tena.

Mungu awabariki ninyi na watoto wenu.